Saa Moja ya Panya

Saa kumi na mbili jioni taa zinazimika.
Si mimi nizizimaye, ni kile kisanduku cha ukutani,
lakini nimezoea kusimama karibu nacho
kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni.
Nje, upepo wa Dodoma unatupa mchanga kwenye bati.
Humu hamna dirisha. Jua letu ni la umeme,
huchomoza na kuchwa kwa amri ya waya.

Panya arobaini na wanane wanaamka.
Nawasikia kabla sijawaona:
maranda yanachakurwa, meno yako kwenye chuma,
gurudumu la namba kumi na saba linaanza kulia.
Kwao ndiyo asubuhi.
Homoni ya kuamkia ilishapanda damuni
giza halijaingia, kama mama ntilie
anayekoka moto wateja wangali wanakoroma.

Siku ya kwanza Dokta Chilewa aliniambia:
Sechelela, damu si maji ya mtungi,
uyachote saa yoyote yawe yale yale.
Damu ni korongo. Ukipita asubuhi ni mchanga mtupu,
ukirudi jioni linanywesha ng'ombe.
Kwa hiyo andika saa.
Tone lisilo na saa ni uvumi.

Basi naandika saa.
Kila baada ya saa nne, chini ya taa nyekundu
ambayo kwao ni kama giza,
namviringa mmoja kwenye kitambaa, naupasha mkia joto,
sindano, matone mawili, pamba, samahani.
(Samahani haimo kwenye mwongozo.)
Mashine inazunguka, damu inaachana:
wekundu chini, na juu yake
maji ya rangi ya alizeti iliyochujwa.
Chembe nyeupe nazo nazihesabu. Mchana, panya akilala,
hujaa njiani kama watu wa mnadani;
usiku zinapungua, zimeingia vichochoroni mwa mwili,
na hakuna aliyezifukuza.

Kiswahili kilikuwa kinajua. Kina saa moja mbili,
moja ya macheo, moja ya machweo.
Mwalimu wetu kule Kongwa alitufundisha kama hesabu tu.
Sikujua ile ya pili iliwekewa nani
mpaka nilipoajiriwa humu.

Mwezi wa nane, saa saba usiku, nilifungua mlango.
Simu ilikuwa sikioni: Mbeleje ana homa, anatapika.
Mwanga wa korido uliingia, upana wa kiganja,
dakika nne, labda tano.
Usiku ule homoni ya giza,
ile tunayochangia sisi na wao,
ipandayo sisi tukilala, ipandayo wao wakikimbia,
ilianguka kwenye grafu
kama ndama aliyekanyaga shimo.
Dokta akauliza. Nikasema ni mimi.
Akachora duara kwa penseli, akageuza ukurasa.
Duara bado lipo.
Homa ya mwanangu, iliyoandikwa kwa damu ya panya.

Mwaka wa sita huu.
Nafika Chang'ombe saa mbili asubuhi, macho yana kokoto.
Mama Lechipya anafagia uwanja: Mbukwenyi! Umeamkaje?
Nitamwambiaje, nami sijalala?
Salama, nasema, na kwangu naziba dirisha kwa blanketi.
Jua la huku halizuiliki, linapita kwenye mshono.
Njaa inanishika saa nane usiku, ugali wa uwele mchana haushuki,
na mwezi wangu siku hizi unakuja unapotaka.

Jana zamu ilinielemea.
Nilijifunga mpira mkononi, nikajichoma.
Kichupa kimoja zaidi kwenye mashine,
kikazunguka pamoja na vya wenzake.
Kilipotulia kilikuwa na alizeti ileile.
Sikukipa namba. Nilichukua kalamu,
nikaandika: saa kumi,
kisha mkono ukasita kabla ya neno linalofuata,
na kumi na saba akawa bado anakimbia.